Sura ya Saba: Sarafu Juu ya Mtutu

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumatatu, Inspekta Zakia Singano alikuwa amepiga magoti kwenye tope la mfereji wa Kweshandu, kidole chake cha shahada kimezama kwenye tundu la risasi. Tundu lenyewe lilikuwa kwenye ubao wa kufungia maji, chini kabisa, usawa wa goti la mtu mzima. Suruali ilikuwa imemlowa mpaka mapajani, na ile baridi ya milimani isiyo na adabu ilishamwingia kwenye mifupa.

“Afande, utaugua,” alisema Koplo Aron. Huyu ndiye mtunza silaha wa kituo, na alikuwa amejichagulia pakavu pa kusimama.

“Nikiugua utanipikia uji. Hebu njoo usimame hapa aliposimama marehemu. Yape matete mgongo, kama mtu anayeinua ubao.”

Marehemu alikuwa Kassimu Shechambo, katibu wa kamati ya maji. Jumamosi, jua linachomoza, alikuja kuwafungulia maji watu wa mashamba ya chini, kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja bila kulipwa hata soda. Zikalia risasi mbili kutoka kwenye matete yaliyopandwa kingoni mwa matuta, hatua arobaini juu ya mfereji. Moja ikatoboa ubao. Nyingine ikampata katikati ya kifua, ikatokea mgongoni, ikapondeka kwenye jiwe. Zote mbili ziliokotwa zimesagika, hazitambuliki. Mtaalamu wa Dar es Salaam alisema kwa simu apewe wiki sita, na hata hapo hakuahidi kitu.

Zakia hakuwa na wiki sita. Alikuwa na muda mpaka saa sita mchana. Saa hiyo Mzee Valentino Hoza wa Gare, aliyelala mahabusu tangu jana, angepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua, na kosa hilo halina dhamana. Mzee wa miaka sitini na tisa angekaa gerezani mwaka mzima, pengine miwili, akingoja kesi isikilizwe. Wengine hutoka huko wamebebwa.

Na ushahidi ulimwandama mzee wa watu kama nzi na kidonda. Ijumaa aligombana na Kassimu mkutanoni kwa ajili ya zamu ya maji, akatamka mbele ya watu arobaini kwamba angekuwa na nguvu zake za zamani angemnyoosha. Rivolva yake, yenye leseni halali, ilikutwa na maganda mawili matupu kwenye silinda. Mwenyewe akasema Alhamisi alifukuza ngedere kwenye maharage. Kule kwenye matete halikuokotwa ganda hata moja, na rivolva haitemi maganda, inabaki nayo tumboni. Halafu, la kumaliza kazi, kuanzia Gare mpaka Mlalo hakuna asiyejua kwamba Mzee Valentino amefundisha mgambo shabaha miaka thelathini. Kumpata mtu kifuani kwa bastola, kutoka hatua arobaini, si kazi ya kila mtu.

“Haya, nimesimama,” Aron alisema.

“Mtu akikupigia risasi kutoka nyuma, ikagonga ubao hapo miguuni pako, utafanyaje?”

“Nitageuka, afande. Nani asigeuke?”

“Umeona. Kassimu aliyapa matete mgongo, lakini risasi iliingilia kifuani. Kwa hiyo ya ubaoni ndiyo iliyotangulia. Ikakosa, chini na kushoto, shubiri tatu nzima. Akageuka, ya pili ikampata.” Zakia alisimama akajifuta mikono kwenye suruali ambayo haikuwa na cha kupoteza tena. “Nataka kujua kati ya ya kwanza na ya pili ulipita muda gani.”

“Watu wanasema mengi. Mwenyekiti wa kitongoji anasema zililia nne.”

“Milima inajibu, Aron. Mwenyekiti amehesabu mpaka majibu.”

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na mfereji ilikuwa ya Bi Esteria, mjane mwenye maneno yake, aliyekaa na mkwewe Glory. Jumamosi asubuhi walikuwa uani wakitwanga mahindi ya makande, wote wawili kwenye kinu kimoja, huyu akishusha mchi mwenzake anainua.

“Onga mshi, mama,” Zakia alisalimia kwa kilugha cha huko. “Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Uu, umelowa hivyo, umetumbukia?”

“Nimetumbukia kazini. Mama, naomba mtwange kama mlivyotwanga juzi.”

Bi Esteria alimgeukia mkwewe. “Glory, lete michi. Serikali imeishiwa unga.”

Wakaanza. Zakia aliwasha simu yake ikawa inanasa sauti. Michi ilipokezana bila kukosea, ngu, ngu, ngu, kama watu waliozoeana miaka, na Bi Esteria akasema bila kusimama, “Ya kwanza ililia pamoja na mchi wangu, nikadhani kinu kimepasuka. Ya pili ikalia na mchi wa Glory. Basi. Halafu mlima ukarudisha mbili zake.”

“Una hakika, mama? Hamkusita hapo katikati?”

“Mwanangu, mchi ukishakuwa juu utasita uende wapi? Lazima ushuke.”

Glory aliegemeza mchi wake kwenye kinu. “Na yule aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe, mmeshamuuliza?”

Zakia alizima simu taratibu. “Nani huyo?”

“Uso sikuuona, ukungu ulikuwa mzito. Baada ya mlio alikuwa ameinama kwenye matete, anakata, anahama, anakata. Muda mrefu. Kisha akapanda zake juu.”

“Akiwa na mzigo kichwani?”

Glory alifikiri. “Hapana. Mikono mitupu.”

“Ee, makubwa!” Bi Esteria alidakia. “Mtu akate majani, aende zake bila mzigo? Ng'ombe wake wanakula salamu?”

Zakia hakucheka. Aliwashukuru, akashuka mlima kwa hatua za haraka mpaka Aron akawa anamkimbilia nyuma. Mtu yule hakuwa akikata chochote. Alikuwa anatafuta kitu kwenye majani, na mwenye rivolva hana cha kutafuta.

*

Nyuma ya kituo kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, na humo ndimo askari walimojifunzia shabaha. Zakia alisimamisha mbao mpya, kila moja imechorwa mtu kwa mkaa, akapima hatua arobaini. Juu ya meza ya kukunja akalaza silaha mbili. Katika kata nzima bastola za leseni zilikuwa hizo mbili tu, na zote alizichukua jana.

Ya kwanza ilikuwa rivolva ya Mzee Valentino, nyeusi, nzito, mpini wake wa mti umelainika kwa kushikwa. Ya pili ilikuwa ya Rajabu, mfanyabiashara wa kabichi na karoti, bastola ya kisasa ya magazini ya risasi kumi na tano. Rajabu aliitoa mwenyewe huku akicheka. “Ichukue, afande. Mimi hata ng'ombe aliyelala simpati. Hilo ni pambo tu, majambazi waniogope njiani.” Jumamosi alikuwa mnadani Mlalo, alisema. Ilikuwa imesafishwa vizuri, inanukia mafuta mapya. Na Rajabu alikuwa na pampu yake juu ya mfereji, iliyokausha mashamba ya chini, pampu ambayo Kassimu alimpa mwisho Jumamosi hiyohiyo kuiondoa.

“Anza na rivolva,” Zakia alisema. “Polepole.”

Aron ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa kituo. Akavuta nyundo ya rivolva nyuma kwa dole gumba mpaka ikakaa, akatulia, akagusa kifyatulio. Akafanya hivyo mara tatu. Matundu matatu yalikaa kifuani mwa yule mtu wa mkaa, na Zakia aliyafunika yote kwa kiganja chake.

“Aisee!” Aron mwenyewe alishangaa. “Hiki kibabu kinapiga.”

Bastola ya Rajabu, kwa utulivu uleule, ilitawanya tatu zake upana wa sahani ya wali. Si mbaya, lakini kwa kiganja cha rivolva haikufua dafu.

“Tumemfunga mzee kabisa,” Aron alisema kwa huzuni.

“Bado. Sasa mbili za haraka.” Zakia akatoa simu yake, na katika machimbo yale ya polisi kikaanza kulia kinu cha Bi Esteria. Ngu, ngu. “Ya kwanza na mchi huu, ya pili na mchi unaofuata. Ukichelewa hatuhesabu.”

Hapo mambo yakageuka. Ukitaka kuvuta nyundo ya rivolva kwa dole gumba, muda huo haupo. Aron alijaribu, risasi ya pili ikachelewa michi miwili. Ikabidi avute kifyatulio tu, na kifyatulio kwa kazi hiyo ni kizito, maana kidole ndicho kinachoinua nyundo na kuzungusha silinda, yote kwa mpigo. Mkono mzima ulifuata kidole. Ya kwanza ikaenda chini kushoto. Ya pili nayo chini kushoto. Akarudia mara tano, risasi kumi, na katika hizo kumi yule mtu wa mkaa alipata jeraha moja la goti.

“Ya Rajabu. Anza nyundo ikiwa chini, kama inavyotolewa mfukoni.”

Ngu, ngu. Ya kwanza ikaenda chini kushoto, shubiri tatu. Ya pili katikati ya kifua.

Walitazamana.

“Rudia.”

Mara tano alirudia, na mara nne ikawa vilevile. Aron ndiye aliyelieleza, maana silaha ndiyo kazi yake. Kwenye bastola ile risasi ya kwanza ndiyo yenye kifyatulio kizito. Ikishalia, chuma cha juu kinarudi nyuma kwa nguvu yake chenyewe, kinaiacha nyundo imeshavutwa, na ya pili inatoka kwa kugusa tu. “Rivolva ukiiharakisha zote ni nzito, afande. Hii ni ya kwanza tu. Kwa utulivu mzee anashinda. Kwa haraka, hapana.”

Zakia alikuwa ameshainama anaangalia chini. Maganda ya bastola ya Rajabu yalikuwa yametapakaa kulia na nyuma, hatua nne, hatua tano. Machimbo yalikuwa tambarare. Kweshandu si tambarare.

“Aron, chukua vijana wawili rudini kwenye matuta. Msitafute pale aliposimama, ameshapatafuta yeye. Tafuteni tuta la chini yake, upande wa kulia. Kitu kidogo cha duara mlimani hakikai kinapoangukia.”

*

Mkuu wake, Mrakibu Nassoro, alikuwa mtu wa haki lakini asiyeamini asichokiona. Aliziangalia mbao zote, akasikiliza kinu kwenye simu mara mbili, akavua miwani.

“Kazi nzuri. Lakini Aron si Valentino. Waliomfundisha Aron walifundishwa na huyo mzee. Kinachomshinda mwanafunzi hakimshindi mwalimu.”

“Basi tumuulize mwalimu, afande.”

Saa tano kamili Mzee Valentino aliletwa. Alikuwa mrefu, mkavu, amenyoosha mgongo kana kwamba kalala kwake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Nina swali la shabaha tu. Rivolva na hizi za magazini, ipi inalenga zaidi?”

Macho ya mzee yaling'aa. Usingemdhania mtu aliyebakiwa na saa moja kabla ya mahakama. “Rivolva, binti yangu, bila ubishi. Mtutu wake umefungwa palepale, haubanduki. Hizi nyingine kila risasi mtutu unacheza. Zinabeba nyingi, ndiyo, lakini kubeba nyingi ni kazi ya punda.”

“Hata ukipiga mbili za harakaharaka?”

“Kwa wengine sijui. Kwangu mimi, hata za haraka.”

Nassoro aliweka kalamu chini. “Mzee, unajua unajifunga kamba mwenyewe?”

“Najua. Kassimu sikumuua, nimeshasema. Lakini siwezi kuisingizia silaha yangu ili nipone.”

Zakia alihisi hasira na huruma kwa pamoja. Kuna watu heshima yao ni kama jino bovu, linawaua na hawataki ling'olewe. Akafungua rivolva, akawaonyesha wote wawili kwamba ni tupu, akaiweka mezani.

“Mgambo unawafundishaje wasitikise mkono?”

“Kwa sarafu. Unailaza juu ya mtutu, unavuta bila risasi. Ikianguka hujui kitu, rudi nyumbani ukalime.”

Zakia akatoa sarafu ya shilingi mia mbili.

Mzee alivuta nyundo kwa dole gumba, akanyoosha mkono. Zakia akalaza sarafu. Kidole kikagusa, nyundo ikalia ta, na sarafu haikutikisika. Mara tatu alifanya hivyo, na mara ya tatu akatabasamu.

“Sasa kwa haraka. Mbili, ufuate mapigo haya.” Kinu kikaanza kulia.

Sarafu ilianguka kwenye mvuto wa kwanza.

“Ngoja,” alisema Mzee Valentino. “Meza imenigusa.” Akasogea mbali na meza. Ikaanguka. Akabadili alivyosimama, akatanua miguu. Ikaanguka. Akasema simu ya Zakia inamchanganya, wakaizima, akahesabu mwenyewe kwa mdomo. Ikaanguka. Jasho likaanza kumtoka katika chumba kile cha baridi. Viungo vya kidole chake, Zakia aliviona sasa, vilikuwa vimevimba vimekuwa mafundo, na kila kilipojikunja mkono wote mpaka begani ulifuata.

“Basi, mzee,” Nassoro alisema kwa upole. Ilikuwa mara ya kumi.

“Mara moja tu. Mara moja, mkuu.”

Sarafu ikaanguka, ikabiringika, ikaingia chini ya kabati la mafaili. Hakuna aliyeinama kuitafuta. Mlangoni walikuwa wamesimama askari watatu vijana, wawili kati yao walipita kwenye mafunzo yake ya mgambo, na hakuna aliyemwamuru yeyote aondoke.

“Tangu lini?” Zakia aliuliza.

“Masika ya mwaka juzi.” Aliiweka rivolva mezani taratibu. “Kidole hakivuti tena. Ngedere wenyewe niliwapigia hewani. Nikiwa na vijana navuta nyundo kwanza, polepole, nawaambia ndiyo adabu ya shabaha. Wananiamini.” Akawaona wale vijana mlangoni, akajifunika uso kwa viganja. Alikuwa ameona aibu, aibu ya mtu mzima aliyevuliwa nguo mbele ya watoto.

Zakia na Nassoro walitoka kwenye korido.

“Anaweza kuwa anaigiza,” Nassoro alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kukanushwa.

“Anayeigiza angeiangusha mara moja akashukuru Mungu. Huyu amejaribu mara kumi na moja, afande. Kila mara alikuwa anatuthibitishia kwamba angeweza kuua, na mwili ukakataa.”

Nassoro alitembea mpaka mwisho wa korido, akarudi. “Leo simpeleki. Lakini mtu wa kumpeleka nitamtaka.”

Alipatikana. Saa tano na nusu Aron aliingia matope mpaka masikioni, kwenye mfuko wa nailoni ana ganda moja la risasi lililonaswa kwenye mizizi ya matete, tuta la pili kutoka juu. Wakaliweka pembeni ya yale ya machimbo, chini ya kioo cha kukuzia. Ubavuni lilikuwa na mkwaruzo mfupi uliopinda mwishoni, na kila ganda la bastola ya Rajabu lilikuwa nao, mahali palepale, umepinda vilevile. Mtaalamu wa Dar angekuja kulisema kwa Kiingereza, lakini wenye macho walikuwa wameshaona. Rajabu alikutwa anasimamia kabichi zikipakiwa. Alipoulizwa kuhusu mnada wa Mlalo alitaja watu watatu waliomwona. Wa kwanza kupigiwa simu akasema Jumamosi hakutoka kitandani, alikuwa na homa. Njia ya mwongo fupi. Akafungwa pingu hapohapo, mizani bado iko mkononi.

Zakia hakufurahi kama alivyotegemea. Nusu saa tu. Angesubiri nusu saa, mzee angetoka na uhuru wake na jina lake vyote viwili, na hakuna ambaye angejua. Aliumia, na alijua ataumia tena kesho.

“Mzee, nisamehe,” alimwambia kaunta, akimsogezea rivolva na daftari la kusaini.

“Unisamehe wewe. Nilikuwa nawadanganya watoto wa watu.” Alisaini daftari lakini rivolva akairudisha kwa Zakia, pamoja na leseni. “Iandikeni imerudi serikalini.”

Nje, kwenye benchi, mkewe Marta alikuwa amekaa tangu alfajiri na hotipoti mapajani. Alipomwona alisimama, akasema “Asante Yesu” mara tatu nne, akamgusa kifua, mabega, uso. Ukungu ulikuwa umeanza kurudi na upepo ulikata. Kumbe mama yule alikuwa akijua siku zote. Alimvuta mumewe karibu, akaanza kumfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja kutoka chini, kama alivyomfunga chumbani kila asubuhi kwa miaka miwili, mlango ukiwa umefungwa. Askari walikuwa wanatazama, na wauza karoti wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanatazama. Mzee Valentino alisimama wima, mikono ameiacha inaning'inia, akainua kidevu ili mkewe akifikie kifungo cha mwisho.